Samaki wa Kurasa 400

Kosa la kwanza ni juisi ya ukwaju. Nusu lita, kifuniko cha kubahatisha, mkoba mmoja na riwaya ya upelelezi ya kurasa 400 pamoja na kisomeo changu cha kielektroniki chenye riwaya hiyohiyo. Nilikuwa nazilinganisha: asubuhi karatasi, jioni kioo, nijue nibaki na ipi. Feri ya Likoni ilipogusa upande wa kisiwani tukasukumana kama kawaida yetu, na kitambi cha bwana mmoja kikaukamua mkoba wangu.

Kisomeo kilizimikia pale mpelelezi amewakusanya watu sebuleni, akasema, "Muuaji ni…" Ukurasa ukaishia hapo. Nikabofya. Wapi! Na maandishi hayafutiki, maana wino wa kielektroniki hauhitaji umeme kubaki. Ndani ya kioo mna vijipovu vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzipandisha na kuzishusha unapogeuza ukurasa tu, kisha hukaa zilipo. Ndiyo sababu chaji hudumu wiki kadhaa, na ndiyo sababu maiti yangu ilinikodolea sentensi ileile.

Kilichotakiwa: nisibofye tena, nisichomeke chaji (maji ya sukari na umeme ni shoti), nikifute, nikiweke mbele ya feni siku mbili tundu la chaji likiangalia chini. Mimi nikakizika kwenye mchele kilo mbili. Mchele haunyonyi la maana. Ulichofanya ni kutumbukiza punje moja tunduni, ikavimba humo. Nikaichokoa kwa kijiti cha meno. Ikatoka na vyuma vya tunduni.

Si kitu, muuaji bado yuko kwenye karatasi.

Kitabu nilikitendea haki. Kilicholowa kitu kitamu husuuzwa kwa maji safi kingali kimefungwa, la sivyo sukari hugandisha kurasa na kualika sisimizi. Kisha husimamishwa wima, kimetanuliwa kidogo, feni ikipuliza, tishu kila baada ya kurasa kumi, na tishu zikilowa zibadilishwe. Lakini kwa fukuto la Mombasa ukungu haungoji hata siku mbili, nami nilikuwa na safari ya Voi ya siku tatu. Hapo dawa ni friza: haikikaushi, ila huuzuia ukungu mpaka wewe upate nafasi ya kukikausha. Nikakitia kwenye mfuko wa nailoni niliouficha tangu marufuku ya 2017, nikakilaza katikati ya samaki wawili, changu.

Narudi, nyumba inanukia ndimu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwapikia, nikatoa samaki kwenye friza. Huyu mmoja nimemroweka tangu adhuhuri, nimemkamulia ndimu tatu, natafuta magamba siyaoni!"

Beseni lile! Gundi ya mgongo imeachia, kurasa zimetawanyika kama mikono ya pweza, katikati pamekuwa uji.

"Shangazi, hicho ni kitabu."

"Nilijua baadaye, ndimu zishaingia. Ukurasa wa mwisho ulinigandia kidoleni, nikausoma. Ni yule mpishi, mwanangu. Haya, kanunue mkaa."