Tulipokwenda Kutembea kwa Farasi

Kosa la kwanza lilikuwa langu, tena lilikuwa kosa la lugha. Nilimwambia mama mkwe, "Mama, kesho nitakupeleka kutembea."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nishachoka kutazama ukuta. Tunakwenda kwa nani?"

Kwa mtu wa Tanga wa umri wake, kutembea ni kwenda kwa watu. Unavaa, unashika kitu mkononi, unapiga hodi, unakirimiwa, unarudi na habari. Mimi miaka tisa ya Baltimore, huku Marekani, ishaniharibu. Nilikuwa na maana ya kutembea kwa miguu, kutoka mahali pasipo mtu hadi mahali pasipo mtu, kisha kurudi pale pale ulipoacha gari. Nikaona aibu kumwambia hivyo.

"Kuna kisiwa, Mama, kinaitwa Assateague. Kina farasi."

"Farasi wa nani?"

"Hawana mwenyewe. Wapo tu."

Akanyamaza kidogo, kama mtu anayehesabu idadi ya wenyeji. "Haya. Lakini mkono mtupu haulambwi," akasema, akaingia jikoni.

Saa kumi alfajiri nyumba nzima ilinukia iliki. Chapati kumi na mbili, maandazi, katlesi za viazi, na chupa ya chai ya tangawizi, vyote ndani ya kikapu cha ukili alichokuja nacho kutoka nyumbani, juu yake kafunika kanga mpya. Mke wangu, ambaye ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku hospitalini, alifungua jicho moja akanitazama. "Unakwenda na mama yangu hivyo, na kaptula?"

"Mwezi wa sita huu. Kuna joto."

"Haya," akasema, akalifunga jicho. Ile "haya" nilikuja kuikumbuka baadaye.

Njia ni masaa matatu. Unavuka Ghuba ya Chesapeake kwa daraja la kilomita kama saba, na Mama alilivuka lote akisoma Ayatul Kursi. Mimi, ili kumpunguzia hofu, nikawa namsomesha. Nikamwambia Assateague ni mchanga mtupu, bahari imeurundika mbele ya bara kama ukuta wa uani. Urefu wake kilomita 60 hivi, wembamba wake kama mkanda. Mawimbi yanauchota mchanga upande wa bahari kuu na kuumwaga upande wa ndani, kwa hiyo kisiwa chenyewe kinahama pole pole kuelekea bara.

"Kinahama na farasi wake?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi tukaze mwendo."

Nikamweleza kwamba kuna makundi mawili ya farasi, na uzio umepita kati pale majimbo ya Maryland na Virginia yanapopakana. Wale wa Virginia wana mwenyewe, nao ni kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha mji wa Chincoteague. Kila mwaka mwishoni mwa Julai huwaogelesha kuvuka mkondo, kesho yake watoto wa farasi wanapigwa mnada, na fedha zinaingia kwenye kikosi.

Mama akageuka akanitazama. "Zimamoto wa huku hawana magari?"

"Wanayo, Mama. Ndiyo hayo wanayoyanunua kwa farasi."

"Mh," akasema, na hiyo "mh" ilitufikisha kisiwani.

Pale upande wa Maryland kuna njia tatu fupi za kutembelea. Moja inapita kwenye matuta ya mchanga, moja msituni, moja kwenye kinamasi cha maji chumvi. Ya matuta, ambayo ndiyo ndefu, haifiki hata kilomita moja na nusu. Hizo nyingine hazifiki kilomita moja. Mama alisubiri nimalize kumsomea kibao.

"Baba, masaa matatu kwenye gari, tuje tutembee nusu kilomita?"

Sikuwa na jibu. Tukaanza na matuta. Ni pazuri kwa kweli, sikudanganyi: mchanga mweupe, vichaka vilivyolazwa na upepo vyote upande mmoja kama waumini waliorukuu, na sauti ya bahari usiyoiona. Katikati ya mchanga ule tukakuta mabaki ya lami. Mama akasimama.

"Barabara hii ilikuwa ya kwenda wapi?"

Hapo nikafurahi, maana nilikuwa najua. Nikamwambia zamani hapa palikatwa viwanja, maelfu kwa maelfu, wakauziwa watu wajenge nyumba za ufukweni. Hii ndiyo ilikuwa barabara yao. Machi 1962 ikaja dhoruba, bahari ikapanda juu ya kisiwa, ikafukua lami, ikaondoka na nyumba chache zilizokuwepo. Mwaka 1965 serikali ikapafanya hifadhi.

Mama akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyewahi kununua kiwanja bondeni. "Kumbe na huku kuna madalali," akasema.

Wakati huo jua lilikuwa limeshapamba moto, na mbu walikuwa wameshapata habari kwamba kuna mtu kavaa kaptula. Nimekulia pwani, mbu nawajua. Mbu wa Tanga anakuja usiku na anaimba kwanza, ana adabu ya kujitambulisha. Hawa wa kinamasi cha Assateague wanafanya kazi mchana kweupe, tena kwa zamu: mbu akitoka anaingia pange, pange akitoka anaingia mbu. Mama kajifunika baibui hadi kwenye kifundo, soksi, ushungi, yuko salama salimini. Mimi naruka ruka nyuma yake na kujipiga makofi mapajani, mbele ya mkwe, na yeye kwa heshima yake anatazama mbele tu.

"Unacheza nini huko nyuma, baba?"

"Si kitu, Mama."

Tukarudi garini. Ndani kunawaka tanuri. Mama akafunua kikapu, akanusa, akafunika. "Chakula kitachacha humu. Tukitoe."

Sasa pale kwenye maegesho ya upande wa ghuba pana kibao, na kibao hakina mafumbo: chakula kisiachwe nje, kaa mbali na farasi si chini ya futi 40, wanauma na kupiga mateke. Nilikisoma. Nilikielewa. Lakini nitamwambiaje mama mkwe, aliyeamka saa kumi alfajiri, kwamba chapati zake zifungiwe kama mahabusu? Nikatazama huku na huku, farasi hakuna hata mmoja, kulikuwa na yangeyange wawili tu kwenye majani. Nikakiweka kikapu juu ya meza ya mbao chini ya kivuli, tukashika njia ya kinamasi.

Njia ile ni ya mbao, imeinuliwa juu ya tope. Hapo ndipo Mama alipochangamka kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na harufu ya tope la chumvi, vikaa vidogo vinachungulia mashimoni, maji yamekupwa. "Hapa ni kama nyumbani, imepungua mikoko tu," akasema, akaegemea ukingo, akaanza kunisimulia habari za shangazi yake aliyekuwa akiokota chaza. Nilijiona mkwe bora kuliko wote wa ng'ambo. Tulikaa kama nusu saa.

Tuliporudi, wenyeji walikuwa wamefika.

Walikuwa watano, wanene, matumbo kama ngoma. Unene ule si wa shibe: majani yao yana chumvi, basi wanakunywa maji mengi mno, matumbo yanavimba. Mama hakuyajua hayo. "Wameshiba hawa," akasema, kisha akaona walichoshiba.

Kofia ya chupa ya chai ilikuwa chini. Maandazi hayapo. Mmoja, mweupe mwenye madoadoa ya kahawia, alikuwa na chapati ya mwisho. Nilikuwa mbali, lakini nilimwona vizuri: aliishika kwa midomo kwa upole, akaikunja, akaitafuna macho yamefumba nusu, kama mzee aliyeonja pilau ya harusi akaridhika. Dume lenyewe, jekundu, lilikuwa limetumbukiza kichwa kizima ndani ya kikapu kutafuta katlesi. Likainua kichwa. Kikapu kikainuka nacho. Vishikio vimempita nyuma ya masikio, vikakaza.

"Lo! Kimemkaa," akasema Mama.

Farasi mwenye kikapu usoni haoni. Asiyeona anatembea popote. Alizunguka meza mara mbili, akagonga nguzo, akapiga chafya ndani ya ukili, makombo yakatoka pembeni. Mimi nikaanza kwenda mbele, nikakumbuka futi 40, nikarudi, nikakumbuka mkwe ananitazama, nikaenda tena. Yule mwenye madoadoa, baada ya kumaliza chapati, akaona kanga ina mafuta. Akaing'ata pindo, akarusha kichwa, kanga ikapepea ikamtua mgongoni, ikatulia kama imepimwa. Akaanza kuondoka nayo taratibu, na maandishi yametugeukia sisi, yanasomeka wazi:

MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Mama akakaa chini juu ya mbao. Nilidhani ameanguka, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka hadi ushungi umemteleza.

Akaja mzee mmoja kwa baiskeli, wale wa kujitolea wanaotenganisha watu na farasi. Hakucheka. Alisimama mbali, akatuzuia tusisogee, akazungumza kwenye redio. Dume likatikisa kichwa kama mara nane, kishikio kimoja kikakatika, kikapu kikaanguka, likakilamba ndani kwa mara ya mwisho. Mkono mtupu haulambwi. Huu haukuwa mtupu. Kanga ilidondoka vichakani. Farasi wakaenda zao bila hata kugeuka.

Ndipo mzee akanigeukia mimi. Akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulieleza hili maisha yake yote, kwamba farasi akionja chakula cha watu haachi tena, anafuata magari, anasimama barabarani, anagongwa. Alikuwa na haki kabisa, na mimi nilitazama viatu. Kisha akaja askari wa hifadhi na karatasi.

"Wamekula nini?"

"Chapati."

"Ni nini hicho? Kina nini ndani?"

"Unga, mafuta, chumvi."

"Herufi gani?"

Nikamtajia, moja moja, c-h-a-p-a-t-i, huku najikuna goti. Mama akanivuta mkono wa shati. "Mwambie na katlesi. Asije akaandika nusu." Nikamwambia na katlesi. Nilipewa onyo, faini nikaepuka, na nadhani kilichoniokoa ni magoti yangu, kwa jinsi askari alivyoyatazama kwa huruma.

Njiani tulikula chipsi za baridi ndani ya gari, kimya. Nilipoanza kuomba radhi alinikatiza. "Tumekwenda kwa watu, tumepeleka kitu, kimeliwa. Unataka nini tena?"

Usiku nikamsikia chumbani anazungumza kwa simu na dada yake wa Pangani. "Tumetembea, mwanangu, leo tumetembea! Kwao pakubwa, bahari huku na huku. Wanene, mashallah. Wamekula vyote, hata karibu hawakusema." Akasikiliza kidogo. "Nani, mkwe? Ah, alikuja na kaptula." Kimya tena. "Sikumwambia kitu. Mbu wamemvalisha."