Itifaki izingatiwe mara moja, basi

Mie nasema wazi, kusema watu wa huku tunajua. Kaa pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe Zanzibar, jioni umsikilize mzee na kikombe chake cha kahawa anavyowashika watu kwa habari ya mechi tu mpaka adhana inaita hakuna aliyenyanyuka. Sasa mzee huyohuyo mualike mahafali ya skuli umpe karatasi atoe hotuba, khaa, humjui tena! Ni "mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa sheha, waheshimiwa walimu wakuu, wajumbe wa kamati ya skuli, wazazi, mabibi na mabwana", afu mwisho ndo anasema itifaki imezingatiwa, na huku keshawataja wote. Watoto wamevaa majoho juani wanavuja jasho, mama zao wanajipepea na ratiba, na yeye bado hajasema kitu.

Ugonjwa wetu kwa maoni yangu ni kwamba tunayo hotuba moja tu kichwani, ile ya serikalini, tunaipeleka kila pahala. Harusini inasomwa, hitimani inasomwa, hata kwenye kikombe cha mpira cha shehia. Kabla hujashika kalamu jiulize watu wamekuja kufanya nini na wewe umewekwa hapo kwa nini. Mahafali watu wamekuja kumuona mtoto wao, kwa hiyo sema na huyo mtoto, mwambie jambo moja atakalolikumbuka akifika kidato cha pili. Harusini watu wameshaona nikaha, wanasubiri biriani, hadithi moja fupi ya kumsifu bwana harusi (isiwe ile ya mchumba wake wa zamani tafadhali), dua, ukae. Msibani ndo usiseme, maneno machache kuhusu marehemu na shukrani kwa waliokuja yanatosha, na ukijiona unaanza kueleza wewe na marehemu mlivyosafiri pamoja na cheo ulichokuwa nacho wakati huo, basi hapo ushaanza kujizungumzia mwenyewe.

Urefu si heshima. Mwaka 1863 kule Gettysburg Marekani, kwenye kuzindua makaburi ya askari, msemaji mkuu alikuwa Edward Everett, mtu maarufu kwa hotuba, akasema kama masaa mawili. Akafuata Rais Lincoln, dakika mbili hivi, maneno kama 270 tu. Ya Lincoln mpaka leo watoto wanaikariri, ya Everett nani anaijua? Na kwetu hapa Nyerere mwaka 1978 alipotangaza vita na Idi Amin alipanga mambo matatu tu, uwezo, sababu na nia, yote tunayo, na hata waliozaliwa juzi wanayasema. Angesoma mambo kumi na tano kama zile risala zetu za changamoto, hakuna ambae angekumbuka hata la pili.

Kuandika kwenyewe, andika kama unavyosema. Mtu akisoma anaweza kurudi nyuma, msikilizaji hawezi, limempita limempita, kwa hiyo sentensi ndefu za barua ya ofisini ziache ofisini. Ukimaliza simama chumbani uisome kwa sauti, weka simu ihesabu dakika, pale unapokata pumzi ndo pa kukata sentensi. Na sentensi ya mwanzo na ya mwisho zihifadhi kichwani, maana wengi wakishamaliza walichoandika hawajui pa kushukia, anasema "kwa hayo machache" afu anaendelea robo saa.

Mie mafundi hasa nawaona kwenye posa. Mshenga hana karatasi, anaanza mbali, tumepita tumeona ua limechanua kwenye nyumba hii, upande wa pili wanamjibu kwa fumbo wakijifanya hawajaelewa, watu wanacheka, na shughuli yote ishakwisha kabla chai haijapoa. Anajua kaja kutaka nini na anajua nani anamsikiliza. Vijana wanaokwenda kulipia kozi za hotuba mtandaoni wangeomba kukaa kona moja ya jamvi siku hiyo.

Ah, na maiki. Ukipewa usiipige vidole wala usiseme "haloo haloo, mnanisikia huko nyuma". Toa salamu, wakiitikia wa nyuma inafanya kazi.