XJ haikuharibika 2009
Mwandishi mmoja anadai Jaguar XJ, gari la kifahari la Uingereza, ilipoteza sura yake 2009, ilipotoka ile yenye taa za nyuma zilizosimama wima. Mimi nakataa. Sura ilishachezewa tangu 1986, toleo lililoitwa XJ40 lilipokuja na taa za mbele za mstatili kwenye matoleo ya bei ghali. 1994 wakazirudisha za duara kimyakimya.

Ukitaka wa kumlaumu, itazame ya 2003. Chini ya rangi kulikuwa na bodi ya alumini, vipande vimeshikanishwa kwa gundi na ribiti kama ndege, hakuna kuchomelea kwa mtindo wa zamani. Nyepesi, haishiki kutu. Halafu wakaivalisha umbo lilelile la 1968! Mteja angejuaje kuna kitu kipya humo ndani? Ya 1968 ya Sir William Lyons, mwanzilishi wa Jaguar, ilivutia kwa sababu ilikuwa ya wakati wake: chini, pana, tena kimya barabarani. Haikuiga kitu.

Kwa hiyo ya 2009 ilithubutu kubadilisha umbo, ingawa (nakiri) ule mgongo sijaupenda. Wa kuulizwa ni walioifuta XJ ya umeme Februari 2021, wakati ya petroli na dizeli walishaacha kuitengeneza 2019.