Kisu Changu cha Dharura

Shemeji yangu, mume wa dada, aliponialika mwezi Juni tukapige kambi milimani Usambara pamoja na wapwa zangu wawili, alinipa kazi moja tu, nayo ni kununua kisu. Alinieleza kwa utulivu kwamba anataka kisu kisichokunjika, cha kupasulia kuni, kukatia kamba na kutufaa tukipatwa na dharura. Mtu mwenye akili timamu angerudi na kisu. Mimi nilirudi na duka.

Haki ya muuzaji nimpe: alijitahidi. Aliweka visu viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa na ubapa wa sentimita 10 hivi na mgongo mnene uliokwenda wima bila pambo lolote. Nilipomuuliza kina nini ndani ya mpini, alinijibu kwamba hakina kitu ila msuka wake, yaani mkia wa ubapa unaoingia mpinini, ambao umepita hadi mwisho. Nikakihurumia. Cha pili kilikuwa na ubapa wa zaidi ya sentimita 20, meno ya msumeno mgongoni, na mpini wa aluminiamu ulio mtupu kama bomba, ambao ndani yake mlikuwa na ndoana mbili, mshipi, sindano ya kushonea, njiti chache za kiberiti na plasta moja. Juu ya kifuniko cha mpini palikuwa na dira ndogo, sawa na kifungo cha koti. Kwa kuwa msuka mrefu haukuwa na mahali pa kupita katika bomba lililojaa vitu, ubapa ulishikiliwa na kipande kifupi cha chuma na nati. Lakini nani hukagua nati wakati amekwisha kuona dira?

Tulifika pembezoni mwa msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, wakati wa alasiri. Msitu ule ni hifadhi na kukata miti hairuhusiwi, kwa hiyo tuliomba kupiga hema kwenye kiwanja cha mzee mmoja mkulima wa kabichi, tukanunua kwake na mzigo wa kuni. Mzee alitupokea kwa ukarimu, kisha akatandika mkeka wake ili aswali. Hapo ndipo elimu yangu iliponiwasha. Kutoka Lushoto, Makka iko karibu kaskazini kabisa, na dira yangu ilionyesha kwamba kaskazini ni upande wa banda la mbuzi, ilhali mzee alielekea penye mgomba.

"Samahani, mzee," nilisema kwa adabu zote, "kwa mujibu wa chombo hiki, kibla iko kule bandani."

Mzee alitazama kisu, akatazama mbuzi, akanitazama mimi. "Marehemu baba yangu aliswali hapa hapa, mwanangu," alisema, kisha akafunga swala penye mgomba. Shemeji alinivuta shati. Nilibaki nikimsikitikia mzee kwa miaka yote hiyo aliyoipoteza.

Usiku baridi ya Usambara ilishuka, na magogo tuliyouziwa yakawa manene mno kuwaka. Shemeji alinifundisha: simamisha gogo, laza makali juu yake, kisha gonga mgongo wa kisu kwa rungu la mti hadi ubapa uzame na gogo lipasuke. Ni njia nzuri, ila inadai mgongo usio na meno. Kwa pigo la kwanza, msumeno wangu uliling'ata rungu. Kwa pigo la pili ulilitafuna. Kwa pigo la tatu nilisikia sauti nyembamba, kama ya kijiko kilichoanguka sakafuni, nikajikuta nimeshika mpini peke yake, huku ubapa ukiwa umekaa ndani ya gogo kwa starehe kama uliozaliwa humo. Kifuniko nacho kilifunguka. Njiti ziliingia kwenye umande, sindano ikapotea majanini mpaka leo, na ndoana moja ikanasa kwenye dole gumba langu. Dharura pekee ya safari ile nzima ilitoka ndani ya kisu cha dharura, na nakiri kwamba plasta ilifanya kazi vizuri sana. Wapwa zangu walicheka hadi mbuzi wakaamka.

Mzee alitoka ndani na kisu chake cha jikoni, ambacho mhunzi wa kijijini alikifua kutokana na springi ya Land Rover: cheusi, kifupi, mpini wa vipande viwili vya mti vilivyobana msuka mzima kwa misumari, hivi kwamba chuma kinaonekana toka ncha hadi kitako. Aligonga mara mbili. Gogo likaachana, na ubapa wangu ukaanguka miguuni pake.

Hakusema neno. Aliokota mpini mtupu, akaupuliza, akaunusa, akarudisha kifuniko na kukijaribu mara kadhaa.

"Hiki kinafunga sawasawa," alisema. "Unakihitaji?"

Nilimwambia akichukue. Alitoa mfukoni kipande cha karatasi, akamimina ugoro wake wote ndani ya mpini wangu, akaukaza. Mpwa wangu mdogo, mtoto asiyejua kunyamaza, alisogeza tochi kwenye kifuniko na kupiga kelele: ndoana na sindano zilikuwa zimetoka chini ya dira, na mshale, ukiwa huru kwa mara ya kwanza tangu niununue, ulizunguka polepole, ukatetemeka, ukatulia umeelekea penye mgomba.

Mzee aliutazama kidogo, akafungua kifuniko, akavuta ugoro na kupiga chafya.