Kitufe, kitufe, kitufe

Jana baba mdogo, ambaye haoni, alitaka kukata tiketi ya basi mtandaoni. Simu yake humsomea kilichopo kwenye skrini. Tukatulia kusikiliza: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe kisicho na jina." Jamani! Kitufe cha nini? Cha kulipa? Cha kufuta? Cha kurusha roketi? Akabahatisha kimoja, tukarudishwa mwanzo kabisa.

Tukaanza upya. Jina, namba, siti... halafu likaja lile la "thibitisha wewe si roboti, chagua picha zenye pikipiki". Baba mdogo akacheka. "Mwanangu, roboti atapita, mimi nitabaki."

Na nyie mnaoona msijifanye wajanja. Yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, nani anayasoma na jua la saa saba Kariakoo? Mwongozo wa kwanza wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu ulitoka 1999, na ulishasema picha ziwekewe maelezo ya maandishi. Aliyezaliwa mwaka huo sasa anasomesha, ninyi watengeneza tovuti neno "Lipa" tu kwenye kitufe limewashinda kuandika!

Tiketi? Tulipanda daladala hadi stendi, tukakata dirishani. Nauli yetu nani anarudisha?