Kura ya wazi au kura ya siri katika mchezo wa NationStates

Vijana kadhaa wa Langoni na Mkomani, hapa Lamu, wanaocheza NationStates wamegawanyika. Kanda yao ndani ya mchezo huo imekua, na sasa wanabishania kanuni moja. Je, mjumbe wa kanda apatikane kwa utaratibu wa mchezo wenyewe, ambapo kila mtu anaona nani kamuunga mkono nani? Au ipigwe kwanza kura ya siri nje ya mchezo, kisha wote wamuunge mkono aliyeshinda? Nimezisikiliza pande zote mbili barazani, na nauchukulia ubishi huu kwa uzito.

Kwa asiyeujua, mchezo huu uliwekwa kwenye intaneti Novemba 2002 na Max Barry, mwandishi wa Australia. Kila mchezaji huunda taifa na kuliweka ndani ya kanda, yaani kundi la mataifa. Anaruhusiwa mataifa mengi, lakini ni moja tu linaloweza kuingia Baraza la Dunia la mchezo huo, na ni mataifa ya Baraza hilo pekee yanayoungana mkono. Taifa lenye waungaji mkono wengi kuliko yote katika kanda ndilo mjumbe. Akipiga kura katika maazimio ya Baraza, kura yake huongezewa moja kwa kila aliyemuunga mkono, na mara nyingi ana uwezo wa kufukuza mataifa kandani. Siku ya uchaguzi haipo. Mara mbili kwa siku seva huzipitia kanda zote na kuhesabu upya. Aliye mbele saa hiyo ndiye mjumbe.

Wanaotetea uwazi wana hoja nzito. Orodha ya waungaji mkono iko pale, na mtu yeyote, hata mgeni, anaweza kuihesabu mwenyewe. Wanaoukumbuka mwaka 1988 wanaijua thamani ya jambo hilo. KANU, chama pekee nchini Kenya wakati ule, iliteua wagombea wake kwa mlolongo: watu walipanga foleni nyuma ya picha ya wanayemtaka, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa bila kufika kwenye kura ya siri. Kuna mahali watu waliona kwa macho yao mstari mrefu na mstari mfupi, kisha wakasikia wa mstari mfupi ametangazwa mshindi. Foleni ikishatawanyika, cha kuhesabu tena hakipo. Mchezo huu hauna shida hiyo.

Lakini mlolongo haukuchukiwa kwa sababu ya hesabu peke yake. Ulimsimamisha mwalimu, karani na mwenye duka mbele ya macho ya chifu. Hofu hiyo imo ndani ya mchezo pia. Ukiacha kumuunga mkono mjumbe aliyepo, anakuona, na anaweza kukufukuza. Ni kweli kwamba kufukuza humgharimu ushawishi aliojikusanyia, na hilo humfanya afikiri mara mbili. Hata hivyo baadhi ya kanda kubwa zimeweka kikomo cha waungaji mkono kwa yeyote asiye mjumbe, na anayekivuka huenda akatolewa. Hapo ushindani umefungiwa mlango kabla haujaanza.

Wapo wanaosema ukifukuzwa hamia kanda nyingine, ni mchezo tu. Sikubali. Wachezaji wa mji kama Lamu wanajuana kwa majina ya baba zao. Unayemnyima kura mchana utakutana naye jioni kwenye uwanja wa Mkunguni, na pengine ni binamu yako au shemeji yako. Shinikizo la jamaa halihitaji kitufe cha kufukuza. Kwa hiyo mimi niko upande wa siri, ila si kwa namna inavyopendekezwa sasa.

Fomu wanayoipendekeza kwa kura ya siri inamtaka kila mtu achague jina moja. Mchezo unaruhusu kuunga mkono mataifa mengi upendavyo, na hilo si la kutupwa ovyo. Tunayajua matokeo ya jina moja. Kwa Katiba ya 2010, rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Gavana anatakiwa tu kuwazidi wenzake, basi. Wagombea wakiwa wengi, mtu anaweza kuiongoza kaunti hali wengi hawakumtaka. Anayeruhusiwa kutia alama zaidi ya moja anaweza kumpa binamu yake heshima yake na bado akamchagua anayeiweza kazi. Kasoro yake ni kwamba katika mchezo watu huunga mkono kila mtu kwa adabu, au ili nao waungwe. Kura ikiwa ya siri, adabu hiyo haina wa kuiona.

Swali gumu zaidi ni nani atashika fomu. Kura iliyofichwa kwa majirani haijafichwa kwa mwenye fomu, na huyo anaweza pia kuongeza za kwake. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, iliweka hadharani fomu 34A, zenye matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000. Mpiga kura alibaki na siri yake, lakini jumla ya kila kituo ilikuwa wazi, na raia wa kawaida waliweza kujumlisha wenyewe. Kanda inaweza kufuata njia hiyo. Yatangazwe majina ya mataifa yaliyopiga kura, yote yawe ya Baraza la Dunia ili mtu asipige mara mbili. Kura zenyewe zitangazwe kwa namba ambayo kila mmoja amejichagulia, na hesabu mbili hizo zilingane. Fomu ishikwe na wawili kutoka kambi zinazoshindana.

Bado seva haiitambui kura ya nje. Mjumbe aliyeshindwa akikataa kuondoka, hakuna mahakama ndani ya mchezo ya kumtoa. Wanaoweza ni waungaji mkono wenyewe. Na makabidhiano ndiyo saa ya hatari, kwa sababu wavamizi, yaani wachezaji wanaonyakua kanda za wenzao, huingia kanda dhaifu dakika chache kabla ya seva kuhesabu. Hesabu moja huanza adhuhuri ya mashariki mwa Marekani, yaani saa moja au saa mbili jioni kwetu kulingana na majira yao, wakati wengi wa vijana hawa wako msikitini au njiani kutoka huko. Wakianza kwa kumwondolea mjumbe wa zamani uungaji mkono, kanda itabaki bila aliye mbele kwa nafasi ya kutosha. Wamjaze kwanza mshindi mpaka ampite mwenzake, jambo linalowezekana kwa kuwa mtu anaweza kuwaunga mkono wote wawili. Wa zamani apunguziwe baadaye, seva ikishamtambua mpya.