Kukoma Hedhi, Kikao cha Bajeti na Cheo Kisichoombwa

Mhasibu mmoja ninayemfahamu, mwenye miaka 49, alisimama kwenye kikao cha bajeti jijini Dar es Salaam akaulizwa fungu la mishahara ni kiasi gani. Hesabu ile aliipanga mwenyewe jana yake. Ikamtoka. Jasho likamchuruzika, akajifuta kwa leso hadi wanja ukatapakaa shavuni, na kijana wa pembeni akamsomea. Nafasi ya mkuu wa kitengo ilipotangazwa, hakuomba. "Nimekwisha, mdogo wangu," aliniambia.

Hakuwa amekwisha. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na kwa miaka kadhaa kabla ya hapo homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio. Joto humwamsha mtu usiku wa manane, na asiyelala husahau. Bahati mbaya umri huo ndio wa vyeo: katika utumishi wa umma Tanzania, mtu anaweza kustaafu kwa hiari akifika 55, kwa hiyo miaka ya kabla ya hapo ndiyo ya mwisho ya kupanda.

Sheria iingilie? Uingereza, kamati ya Bunge ilipendekeza mwaka 2022 kuwe na majaribio ya likizo ya ukomo wa hedhi. Mwaka 2023 serikali ikakataa, ikihofia likizo hiyo ingewaumiza wanawake walewale. Hofu hiyo siidharau. Mwajiri wa hapa Tanzania anayeziona siku 84 za likizo ya uzazi kuwa hasara (wapo, na mlango ukifungwa husema) atapata kisingizio kipya cha kumruka mwanamke wa miaka 45.

Ila hoja hiyo ikiishia kwenye kunyamaza, siifuati tena. Kimya ndicho kilichomfanya mhasibu adhani akili yake imeharibika, wakati alichokosa ni usingizi.

Hata hivyo, tusizibebeshe homoni kila kitu. Wapo wanaojishuku kwa sababu wamerukwa miaka kumi, na kuwaambia "ni umri tu, mama" ni kuwafunika. Kwa hiyo mimi ningeanza na feni, ruhusa ya kuchelewa kidogo baada ya usiku mbaya, na bosi anayejua kukoma hedhi ni nini. Likizo ijadiliwe baadaye.

Nafasi ile alipewa yule kijana. Bajeti ikikaribia, huja mezani kwa mama na daftari lake, akae aelekezwe.